"Outstanding" ni sifa au deni?

Ukikuta neno "outstanding" kwenye barua ya Kiingereza, tazama kwanza limeandamana na nini. Likiwa na "balance", "fees" au "loan", ni kiasi ambacho hakijalipwa. Kisawe chake hapo ni "unpaid". Usilichanganye na "overdue", maana hilo ni deni lililopitisha tarehe ya kulipwa. Mkopo unaweza kuwa "outstanding" na bado uko ndani ya muda wake, kwa hiyo wenye mikopo wasome hapo polepole sana.

Kwenye ripoti ya mwanafunzi ni sifa ya juu, karibu sawa na "excellent". Na "outstanding issues" kwenye muhtasari wa kikao? Hayo ni mambo ambayo hayajamalizwa. Unaweza kuandika "pending" au "unresolved".