Kuingiza Kaizen kwenye karakana ya kushona bila kuvuruga kazi

Wengi wakisikia Kaizen, mtindo wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, wanakimbilia kuprinti bango la 5S (hatua tano za kupanga sehemu ya kazi) wabandike ukutani, wiki mbili mbele mambo yamerudi palepale. Anza na kazi ilivyo leo, ilivyo kweli, sio vile unavyomwelezea mteja.

Chukua karakana ya sare za shule. Kaa na daftari siku nzima ufuatilie sketi moja tu, toka vipimo vinachukuliwa mpaka inapigwa pasi, kila hatua andika na saa. Utaona kukata na kushona wala hakuchukui muda mrefu, muda unaliwa na kusubiri: sketi imelala mezani toka asubuhi kwa sababu zipu za bluu zimeisha na hakuna aliyejua, au fundi anazunguka kutafuta mkasi maana upo mmoja na kila mtu anauacha alipomalizia. Waulize mafundi wenyewe, bosi mara nyingi anajua nusu.

Ndo sasa ulete modeli, yaani ile 5S. 5S imetoka Japani, hospitali zetu za Tanzania zilianza nayo Mbeya 2007 na Kiswahili chake kipo: sasambua (toa visivyohitajika), seti (kila kitu mahali pake), safisha, sanifisha (wote mfuate utaratibu mmoja), shikilia (msiuache). Iweke pembeni ya daftari lako usome mstari kwa mstari. Kitu ambacho tayari mnakifanya, mfano fundi mkuu kuhesabu vipande kabla ya kugawa, kiache kama kilivyo, hata jina usibadilishe. Kinachokosekana kizungushie duara.

Duara zikiwa nyingi usishike zote jamani, chagua moja. Tuseme zipu: kila rangi kopo lake, zipu 10 za mwisho zifunge kwenye kifuko chenye kadi nyekundu, atakayefungua kifuko anampa kadi mnunuzi siku hiyohiyo. Toyota wanaendesha kadi za namna hii, wanaita kanban. Jaribu wiki mbili, hesabu sketi zilizolala zikisubiri zipu, linganisha na zamani. Zimepungua, andika huo ndo utaratibu, kwa maneno ya mafundi. Hazijapungua, badilisha ujaribu tena.

Kugumu ni kwenye kushikilia. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine simameni dakika 5 mbele ya makopo, na mwenye karakana awepo, asiagize mtu. Zipu zikitulia mwezi mzima, hamia kwenye mkasi.