Jinsi ya kufuatilia jina la Kifini: tuanze na Aino

Kila nikiulizwa nianze wapi, najibu: achana na tovuti za majina ya watoto. Nyingi zinanakiliana, kosa la moja linakuwa kosa la zote. Tuchukue Aino, jina la kike la Ufini, tulifuate kutoka mwanzo.

Hatua ya 1: Tafuta neno kabla ya jina. Fungua kamusi ya Kifini. Utakuta *ainoa*, yaani pekee. Usifurahi mapema, maana ya neno haikuambii ni nani aliyeligeuza kuwa jina la mtu.

Hatua ya 2: Rudi kwenye mashairi ya wazee. Mashairi simulizi ya Wafini yamekusanywa katika hazina iitwayo SKVR, na iko wazi mtandaoni. Humo utamkuta binti anayeitwa Anni, akisifiwa *aino neiti*: mwari wa pekee. *Aino* hapo ni sifa tu, kama sisi tunavyosema "mwana wa pekee". Sasa fungua Kalevala, toleo la 1849. Elias Lönnrot, aliyeutunga utenzi huo kutokana na mashairi hayo, ameichukua ile sifa akaifanya jina. Aino wake ni dada wa Joukahainen. Kaka anashindwa katika mashindano ya kuimba, anamwahidi mzee Väinämöinen dada yake ili ajiokoe, na msichana anaishia kuzama majini. Hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Hatua ya 3: Watafute wenye jina wa mwanzo. Aino Järnefelt, aliyekuja kuwa mke wa mtunzi wa muziki Jean Sibelius, alizaliwa 1871. Mwimbaji wa opera Aino Ackté, 1876. Mwandishi Aino Krohn, baadaye Kallas, 1878. Wote ni wa familia za wasomi na wasanii. Hilo linakupa njia: kitabuni, kisha sebuleni kwa wasomi, ndipo mashambani.

Hatua ya 4: Hesabu, na hapa usiwe na haraka. Mamlaka ya rejista ya watu Ufini ina huduma ya bure mtandaoni iitwayo *Nimipalvelu*. Andika Aino, utaona idadi kwa vipindi vya kuzaliwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuzisoma namba hizo mbichi nikatangaza upuuzi. Vipindi vya zamani vina miaka 20, vya karibuni 10. Gawanya kwanza. Mfano wa kubuni: watu 2,000 kwa miaka 20 ni 100 kwa mwaka, watu 1,500 kwa miaka 10 ni 150. Kumbe cha pili ndicho kikubwa!

Kisha linganisha na vizazi vya mwaka. Baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia Ufini ilipata watoto zaidi ya 100,000 kwa mwaka. Siku hizi hawafiki 50,000. Kumbuka pia kwamba huduma hii inahesabu hata majina ya pili na ya tatu, na kwamba wengi waliofariki kabla ya rejista ya kompyuta hawamo. Safu ya kwanza, ya kipindi cha zamani kuliko vyote, daima ni pungufu.

Ukimaliza, umbo litajitokeza: Aino linapanda mwanzoni mwa karne ya 20, linashuka katikati, linarudi juu kabisa miaka ya 2000.

Hatua ya 5: Uliza kwa nini. Kupanda kwa kwanza kunaendana na vuguvugu la kuipenda lugha ya Kifini. Kurudi kwake ni jambo la vizazi: jina la mama linachosha, la bibi linanuka uzee, la mama mzaa bibi linaonekana jipya.

Hatua ya 6: Vuka mpaka. Wamisionari Wafini walifika Ovamboland, kaskazini mwa Namibia, mwaka 1870, na majina yao yakabaki huko. Toivo, yaani tumaini, ndilo alilobeba mpigania uhuru Andimba Toivo ya Toivo. Ukimkuta Aino wa Namibia, basi, usimtafute katika rejista ya Helsinki. Anza na vitabu vya ubatizo vya Walutheri wa huko.