Kuzuia ukungu wa machungwa baada ya kuvuna kwa mafuta ya karafuu au mchaichai

Ukungu wa kijani unaoozesha machungwa, malimau na machenza husababishwa na Penicillium digitatum. Hauwezi kupenya ganda lisilo na jeraha. Huingilia penye jeraha, hata mkwaruzo wa ukucha. Ukishajichimbia humo siku nzima au zaidi, mafuta hayaufikii tena. Njia hii ya kuchovya matunda ni kinga, si tiba, na hufanywa siku ileile ya kuvuna.

1. Vuna

Kata kwa mkasi, usinyofoe. Kikonyo kibaki kifupi, sawa na bega la tunda, kisije kikatoboa la jirani. Subiri umande ukauke: ganda lililojaa maji hupasuka vifuko vyake vya mafuta kwa kuminywa kidogo tu, likaota mabaka.

2. Osha

Dawa ya klorini ya kufulia ya 5%, 40 ml kwa lita 10 za maji, dakika 2. Suuza, kausha kivulini.

3. Changanya mafuta

Hapa ndipo mizigo mingi huharibika. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Ya mchaichai ni mepesi, huelea. Ukiyamimina kwenye ndoo na kukoroga kwa fimbo, ya karafuu yatatulia chini: machungwa ya kwanza yataoga maji matupu, na yatakayogusa kitako cha ndoo yatatoka na madoa ya kahawia. Ya mchaichai hufanya utando juu, na kila tunda hupita katikati yake.

Dawa yake ni Tween 80, kiunganishi cha mafuta na maji kinachotumika pia kwenye vyakula. Sabuni ya vyombo siipendekezi hata kidogo. Huondoa nta ya ganda na tunda hunyauka mapema.

Kwa lita 10: mafuta 20 ml, Tween 80 20 ml. Pima kwa bomba la sindano, si kwa vifuniko wala matone. Anza kwa kuchanganya hivyo viwili peke yake ndani ya chupa ya kioo, bila maji, mpaka visitofautike. Kisha ongeza maji vuguvugu kidogo kidogo huku ukitikisa, hadi upate nusu lita nyeupe kama maziwa. Hiyo ndiyo unayoimimina kwenye maji yaliyobaki. Ukianza na maji, hayatashikana.

Acha dakika 10, kisha inama utazame uso wa maji kwa pembeni, penye mwanga. Ukiona viduara vinavyong'aa juu au matone chini, usitumbukize kitu. Ongeza Tween 80 5 ml na ukoroge upya. Hata ikishika vizuri, koroga kabla ya kila kreti, na usiilaze hadi kesho. Vaa glavu na miwani. Epuka vyombo vya plastiki angavu: mafuta ya karafuu huilainisha.

Kipimo hicho (0.2%) ni cha kuanzia tu. Chovya matunda 10 kwa kila kiwango cha 0.1, 0.2 na 0.4%, uyaangalie siku ya nne. Madoa ya kahawia yaliyobonyea kuzunguka vinyweleo ni ganda lililoungua, na ganda lililoungua ni mlango mpya wa ukungu. Ndiyo maana kuzidisha dozi huongeza uozo. Machenza na matunda mabichi huungua upesi zaidi. Rudia jaribio kila ufunguapo chupa mpya, maana nguvu ya mafuta hutofautiana.

4. Chovya

Dakika 1 hadi 2. Kausha kwa upepo, si juani.

5. Hifadhi

Mafuta haya huruka hewani, kwa hiyo usitegemee ulinzi wa muda mrefu. Wapo wanaoweka pamba iliyolowa mafuta ndani ya boksi. Siishauri, kwani matunda ya karibu huungua na ya mbali hayapati kitu.

Kagua kreti. Tunda lenye unga wa kijani lifunike kwa mfuko kabla ya kulinyanyua, la sivyo vumbi lake litatua kwenye majeraha ya mengine. Ukungu wa buluu, Penicillium italicum, huambukiza hata kwa kugusana, basi ondoa pia matunda yaliyogusana na lililoota ukungu huo. Machungwa yakae kwenye nyuzi 5 hadi 8 za Selsiasi. Malimau yasishuke chini ya 10, kwani ganda huota vishimo vya baridi.