Rafu za plaiwudi bafuni: ziba kingo zote nne

Rafu ya plaiwudi huanza kuharibikia ukingoni. Uso unalindwa na rangi, lakini pale msumeno ulipopita vinyweleo vya mbao vimebaki wazi, na maji hupita humo hadi ndani. Hata plaiwudi ya marini, ile ya kutumika penye maji, haisalimiki: gundi yake inahimili maji, mbao zake bado zinakunywa. Na sisi wa pwani, hewa yenyewe ina unyevu.

1. Kata vipimo vyote na toboa matundu ya skrubu kwanza. Ukikata baada ya kupaka, umefungua ukingo mpya.

2. Piga msasa namba 120, kisha 180. Mianya kati ya matabaka ijaze fila ya epoksi. Puti ya ukutani italainika. Fila ikikauka, msasa tena, futa vumbi.

3. Hapa ndipo penye kazi. Changanya vanishi ya mafuta na tapentaini, nusu kwa nusu, upake ukingo. Itanywewa yote ukiangalia. Ongeza, ongeza tena, mpaka ukingo ukatae kunywa na ubaki unang'aa. Ulaze usiku kucha, pitisha msasa 220 kwa mkono mwepesi, kisha vanishi isiyochanganywa mara mbili. Usiusahau ukingo wa nyuma! Mafundi wengi huuacha kwa sababu hauonekani, na ndiko maji ya kwenye vigae yanakotiririkia. Matundu nayo yapake kwa kijiti chenye pamba.

4. Funga kwa skrubu za stenlesi, ukiacha upenyo wa sentimita moja ukutani.

Maswali ya wanachama

Fundi, nikibandika ejingi ya plastiki, ule utepe wa kufunika ukingo, haitoshi?
Bandika, ila ziba kwanza. Ile ya kupigwa pasi hubanduka pembeni, maji yakajificha nyuma yake. Mbele mimi hupendelea kipande chembamba cha mninga, kwa gundi inayohimili maji.

Zangu zimeshafungwa na zimeanza kututumka. Nifanyeje?
Zishushe, ndugu yangu. Zianike kivulini penye upepo hadi zikauke kabisa. Ukiziba maji ndani, zitaoza. Tabaka lililoachana lipenyezee gundi, ulibane kwa klempu, ndipo uanze hatua ya pili.

MDF je, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi?
Kwa bafuni, hapana. Ikishavimba hairudi.

Nimepaka masika hii, bado inanata.
Vanishi ya mafuta huchelewa kukauka kwenye unyevu. Fungua madirisha, subiri, wala usipake mkono mwingine juu ya unaonata.