Namna ya Kushindana na Vigogo wa Chama cha Democratic Ukiwa Ndani ya Chama

Mpiga kura wa mrengo wa kushoto nchini Marekani ambaye amechoshwa na vigogo wa chama cha Democratic huwa na malalamiko ambayo hayajabadilika kwa miaka mingi: kwamba wagombea hupangwa na wakubwa kabla wanachama hawajaulizwa, kwamba wafadhili matajiri husikilizwa upesi kuliko wafanyakazi na wapangaji wa nyumba, na kwamba bima ya afya ya umma kwa wote huwekwa kando kila mara kwa hoja kwamba wakati wake haujawadia. Mimi nayaona malalamiko hayo kuwa ya haki. Ninachosikitikia ni kuona hasira hiyo ikiishia katika uchaguzi wa rais, unaokuja mara moja kila baada ya miaka minne na ambao vigogo wamejiandaa kwa ajili yake kuliko uchaguzi mwingine wowote, ilhali nafasi za chini, ambako uongozi wa chama hutokea, mara nyingi hazina hata mgombea mmoja.

Anza na kalenda ya uandikishaji. Chama hiki hakina kadi wala ada ya uanachama. Katika majimbo mengi uanachama ni chaguo unalolijaza kwenye fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na sheria ya jimbo ndiyo inayoamua iwapo utaruhusiwa kushiriki uchaguzi wa mchujo, yaani ule wa kumpata mgombea wa chama. Texas, Michigan na Virginia haziandikishi wapiga kura kwa vyama, hivyo huko tatizo hili ni dogo. New York ni kinyume chake: aliyetaka kumpigia Bernie Sanders, mgombea urais wa mrengo wa kushoto, kura ya mchujo mwezi Aprili 2016 huku akiwa ameandikishwa bila chama alipaswa kuwa amebadilisha kabla ya kupita tarehe 9 Oktoba 2015, zaidi ya miezi sita nyuma, wakati ambapo wengi hawakuwa wameanza hata kuufikiria uchaguzi. Sheria ililegezwa baadaye, na siku hizi mwisho wa kubadilisha kwa ajili ya mchujo wa Juni ni tarehe 14 Februari. Tafuta tarehe ya jimbo lako leo, uiandike, na uwaambie wenzako. Na kwa ndugu ambaye bado hajapata uraia: usijiandikishe kupiga kura hata ukihimizwa na mtu mwenye nia njema, kwa sababu kosa hilo linaweza kusababisha ufukuzwe nchini. Hata hivyo unaweza kujitolea katika kampeni bila malipo, na mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia fedha.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote, nayo ni kuingia katika kamati ya chama ya kaunti. Katika majimbo mengi kila eneo la kupigia kura lina nafasi ya mjumbe wa chama, na nyingi kati ya nafasi hizo hubaki wazi au hupata mgombea mmoja asiye na mpinzani. Wajumbe hao huchagua viongozi wa kaunti, kaunti hupeleka watu katika kamati ya jimbo, na mwenyekiti wa chama wa kila jimbo huwa mjumbe wa Kamati ya Taifa ya chama moja kwa moja. Kamati hiyo ndiyo humchagua mwenyekiti wa taifa. Mwezi Februari 2017, mjini Atlanta, Tom Perez alimshinda Keith Ellison, aliyeungwa mkono na Sanders, kwa kura 235 dhidi ya 200 katika duru ya pili. Uongozi wa chama chenye mamilioni ya wapiga kura uliamuliwa kwa tofauti ya watu 35, na wengi wa waliopiga kura walikuwa wamefika pale kupitia ngazi ambazo mtu wa kawaida hazitazami.

Kwa hiyo iandikie kamati ya kaunti yako barua fupi yenye maswali matatu: ni nafasi zipi ziko wazi, zitajazwa lini na kwa utaratibu gani, na nakala ya katiba ya kamati inapatikana wapi. Hudhuria mikutano miwili au mitatu ukisikiliza kabla ya kutoa hoja yoyote, kisha uende na wenzako kumi wanaotimiza masharti ya kupiga kura. Usiende peke yako. California inaonyesha matokeo ya kazi ya namna hiyo: kila wilaya kati ya wilaya 80 za bunge la jimbo huchagua wajumbe 14 wa mkutano mkuu wa chama wa jimbo, na mwaka 2017 watu wa mrengo wa kushoto walijitokeza wakanyakua nyingi kati ya nafasi hizo. Mwaka uliofuata mkutano mkuu wa chama ulikataa kumwidhinisha Seneta Dianne Feinstein, aliyepata asilimia 37 tu dhidi ya asilimia 54 za Kevin de León, mpinzani wake wa upande wa kushoto, ingawa naye hakufikisha asilimia 60 zilizotakiwa. Feinstein alishinda uchaguzi wa Novemba hata hivyo, na hilo lisifichwe: kuuteka mkutano si kuwateka wapiga kura.

Faida nyingine ya kukaa ndani ni kanuni. Mwaka 2016 wajumbe maalumu zaidi ya 700, yaani wabunge, magavana na viongozi wa chama wasiofungwa na kura za wananchi, waliruhusiwa kumpigia mgombea urais yeyote wamtakaye katika mkutano mkuu wa taifa wa chama, na mamia yao walikwisha kujitangaza upande wa Hillary Clinton kabla ya kura ya kwanza ya mchujo kupigwa. Baada ya kilio cha wanachama iliundwa tume ya mageuzi ambayo Sanders alipewa haki ya kuteua baadhi ya wajumbe wake, na Agosti 2018 Kamati ya Taifa, ikikutana Chicago, iliwazuia wajumbe hao kupiga kura katika duru ya kwanza ya mkutano huo isipokuwa pale ambapo mshindi amekwisha kujulikana.

Ukifika wakati wa kumpinga mbunge aliyepo, chagua wilaya ambayo Democratic itashinda kwa vyovyote, kwa kuwa huko mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Alexandria Ocasio-Cortez, mgombea wa mrengo wa kushoto, alimwangusha mbunge Joe Crowley wa New York tarehe 26 Juni 2018 katika wilaya ya namna hiyo. Crowley alikuwa wa nne kwa cheo miongoni mwa wabunge wa chama chake na hakuwa amepata mpinzani katika mchujo tangu 2004, na kura zilizopigwa hazikufika 30,000. Jambo linaloniumiza zaidi ni mrengo wetu kugawana kura. Katika wilaya ya 10 ya New York, Agosti 2022, Dan Goldman, asiye wa mrengo wetu, alishinda kwa takriban asilimia 26, huku wa upande wetu, Yuh-Line Niou, akipata karibu asilimia 24 na Mondaire Jones asilimia 18. Kaeni pamoja mapema, mkubaliane kwa maandishi ni kipimo gani kitaamua nani ajitoe, na tarehe ya kujitoa iwe kabla ya majina kuchapishwa kwenye karatasi za kura. Mahali ambapo mpiga kura hupanga wagombea kwa mfuatano wa upendeleo, wagombea wetu waungane mkono hadharani, kama walivyofanya Zohran Mamdani na Brad Lander mwaka 2025 katika mchujo wa umeya wa jiji la New York, ambao Mamdani alimshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani, kwa asilimia 56 katika hesabu ya mwisho.

Fedha zitakuja dhidi yenu, nazo zitakuwa nyingi. Mwaka 2024 kamati moja yenye uhusiano na AIPAC, kundi la ushawishi linaloiunga mkono Israel, ilitumia zaidi ya dola milioni 14 katika mchujo ambao Jamaal Bowman, mbunge wa mrengo wa kushoto wa New York, alipoteza kiti chake. Jiji la New York huongeza dola 8 kwa kila dola ya mkazi wake, hadi dola 250 za mwanzo kwa mgombea wa umeya anayejiunga na mpango huo, lakini uchaguzi wa Bunge la taifa hauna msaada kama huo. Wachangiaji wadogo wa kila mwezi watafutwe mwaka mmoja kabla, wakati hakuna tangazo la mpinzani hewani.

Mkishinda uongozi wa chama chenyewe, jiandaeni kukuta ofisi tupu. Machi 2021 kundi la mrengo wa kushoto lilitwaa uongozi wa chama katika jimbo la Nevada. Wafanyakazi wote waliacha kazi, na kabla ya hapo dola 450,000 zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa kamati ya kampeni za Seneti huko Washington. Wakubwa wa jimbo waliendesha kampeni ya 2022 kupitia kamati ya chama ya kaunti ya Washoe badala ya ofisi ya jimbo, na Machi 2023 kundi hilo liliondolewa kwa kura. Kwa sababu hiyo mwekahazina wenu awe amejifunza taratibu za kuripoti fedha kabla ya siku ya kura, kuwe na watu watatu wanaoweza kuitumia programu ya orodha ya wapiga kura, na mtu wa kushika kila dawati awe amekubali kazi hiyo mapema, ili asubuhi ya kwanza kila simu itakayopigwa ofisini ipate wa kuipokea.