Kuhesabu viota vya yangeyange na korongo kisiwani: utaratibu tunaoutumia Ziwa Victoria

Vijana wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) moja upande wa kusini wa Ziwa Victoria waliniomba niwasaidie kufuatilia ndege wanaotaga kwenye kisiwa kidogo kilicho mbele ya mwalo wao. Daftari lao lilikuwa na safu moja tu, "ndege weupe", na namba kubwa mbele yake. Namba ya namna hiyo haisemi kama koloni, yaani kundi la ndege wanaotaga pamoja, linakua au linapungua, maana inachanganya wanaotaga, waliokuja kulala tu na makinda ya msimu uliopita. Kinachohesabiwa ni kiota chenye mwenyewe, yaani ndege anayekitumia sasa. Jina la kisiwa sitalitaja, na wewe usilitangaze la kwako, kwa sababu wako watu wanaofuata mayai na makinda kwa ajili ya chungu.

Hatua ya 1: Ruhusa

Tanzania utafiti wa wanyamapori unapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ndani ya hifadhi kama Rubondo au Saanane kuna TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi) na WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ndani ya hifadhi kuna KWS (shirika la wanyamapori). Halafu mwone mwenyekiti wa BMU, kwa kuwa wavuvi ndio wanaolala karibu na kisiwa na ndio watakaokuambia nani alipita juzi.

Hatua ya 2: Vifaa

Darubini ya 8x42. Ya 10x50 iache nyumbani: mtumbwi unayumba, na ukikuza picha unakuza na mtikisiko. Penseli na daftari lenye jalada gumu, kwa sababu penseli haifutwi na maji na daftari haliishiwi chaji. Kioo kidogo kilichofungwa kwenye ncha ya upondo, cha kuchungulia viota vya juu bila kupanda mti. Maboya ya kuvaa kwa kila mtu, na kofia pana, utaelewa ukifika chini ya miti. Usishuke majini pekupeku, kichocho kipo.

Watu huniuliza kuhusu droni. Siitumii. Inawaona vizuri yangeyange wakubwa walio kileleni na kuwakosa wote walio chini ya majani, kwa hiyo inakupa picha nzuri ya nusu ya koloni.

Hatua ya 3: Wakati

Anza ukiona ndege wazima wakipita na vijiti midomoni. Kwa kawaida mvua ndiyo inayowaamsha, lakini usiifuate kalenda, fuata vijiti. Hesabu ya ndege wa majini ya Januari haichukui nafasi ya kazi hii. Ile inahesabu ndege popote walipo, iwe wanataga au hawatagi.

Nendeni alfajiri na muwe mmeondoka ifikapo saa tatu asubuhi. Mama akiinuka saa sita mchana, jua linapika mayai. Mvua ikiwa imenyesha usiku na makinda yamelowa, ahirisheni.

Hatua ya 4: Kumjua mwenye kiota

Viota vyenyewe havisaidii sana. Vyote ni jukwaa la vijiti, na cha yangeyange mdogo hukitofautishi na cha yangeyange wa ng'ombe. Subiri umwone anayeatamia humo, umtazame mdomo na miguu.

Yangeyange mdogo (Egretta garzetta) ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano, kama amekanyaga rangi. Yangeyange wa ng'ombe (Bubulcus ibis) ni mfupi, shingo nene, na wakati wa kuzaliana hupata rangi ya hudhurungi hafifu utosini, kifuani na mgongoni. Kazi ipo kwa yangeyange mkubwa (Ardea alba), kwa sababu mdomo wake ambao miezi mingine ni wa njano hugeuka mweusi anapotaga, na vijana walikuwa wakimwandika kama "mdogo". Tazama mstari wa kinywa: kwake unapita hadi nyuma ya jicho. Kwa yangeyange wa kati unaishia chini ya jicho.

Korongo kichwa-cheusi (Ardea melanocephala) na korongo wa kijivu (Ardea cinerea) hukaa juu kabisa. Kwa kawaida wakubwa hushika juu na wadogo chini, na korongo wa usiku (Nycticorax nycticorax) hujificha ndani kabisa ya kichaka. Mnandi, wale ndege weusi wanaopiga mbizi, nao watakuwepo. Waandikie safu yao.

Makinda yakibaki peke yake, angalia yalichotapika. Kinda la jamii hii likiogopa hutapika chakula chote. Chini ya kiota kimoja tulikuta panzi na mguu wa chura. Hatua mbili pembeni, samaki furu wadogo walioanza kulainika. Panzi huelekeza kwa yangeyange wa ng'ombe, anayekula malishoni. Furu huelekeza kwa mdogo. Hiyo ni dalili, si uthibitisho, kwa hiyo weka alama ya kuuliza.

Hatua ya 5: Hesabu ya watu wawili

Hapa ndipo palipokula saa nyingi kuliko kwingine kote, na ndipo watu wengi hukosea.

Mtu mmoja akizunguka kisiwa kwa mtumbwi lazima ataruka viota. Kuruka si tatizo. Tatizo ni kutojua ameruka vingapi. Mwaka huu ukimtumia mwenye macho makali na mwakani ukamtumia mwingine, tofauti utakayoipata ni ya macho yao.

Gawanya kisiwa vipande kwa alama zisizohama, yaani mwamba au mkuyu mkubwa. Usitumie ukingo wa maji wala vichaka vya pembezoni. Mwaka 2020 ziwa lilipanda sana, na alama za namna hiyo zilizama. Chora kila kipande mti kwa mti na toa nakala mbili.

Zimeni injini mbali, sogeeni kwa upondo. Ndege wanaoatamia wakianza kunyoosha shingo, mmefika mwisho. Wakiinuka, mmeshapita kiasi, rudini nyuma. Kila mmoja aweke nukta kwenye mchoro wake kwa kila kiota chenye mwenyewe, pamoja na herufi ya aina yake. Wasiongee. Wasinyoosheane kidole. Hata "umeona yule?" inaharibu hesabu, kwa sababu kanuni tutakayoitumia hapa chini inataka kila mmoja aone kivyake.

Kabla ya kuondoka kwenye kipande, mti ukiwa bado mbele yenu, linganisheni michoro: viota alivyoviona wa kwanza, alivyoviona wa pili, na walivyoviona wote wawili. Msiahirishe hadi mwaloni. Mkifika huko kila nukta inafanana na jirani yake.

Kisha tumia kanuni ya Chapman, inayokadiria jumla ya viota pamoja na vilivyowapita wote wawili. Jumlisha moja kwenye hesabu ya kila mtu, zidisha hizo mbili, gawanya kwa walivyoona wote wawili ukijumlisha moja, halafu toa moja. Tuseme wa kwanza ameona 84, wa pili 76, na 64 wameviona wote. Basi 85 mara 77 ni 6,545. Gawanya kwa 65, toa 1, unapata kama viota 100. Vilivyoonwa na angalau mmoja wenu ni 96 (84 na 76, ukitoa 64), kwa hiyo vinne hivi vimewapita wote.

Tahadhari zake ni hizi. Fanya hesabu kwa kila aina peke yake. Korongo wakubwa kila mtu anawaona, korongo wa usiku karibu hakuna anayewaona, na ukiwachanganya namba itakuwa ndogo kuliko ukweli. Mkikubaliana kirahisi kwamba nukta mbili ni kiota kimoja, namba inashuka. Mkibisha kupita kiasi, inapanda. Kwa hiyo amueni kwa kutazama tena mti. Vilivyoonwa na wote vikiwa chini ya 7, andika tu mlivyoviona, kanuni iache. Na kiota kisichoweza kuonekana kabisa kutoka majini, hata wahesabu kumi hawatakiona. Kwa hao wa ndani ya kichaka, kaeni jioni mbali kidogo kuanzia jua linapozama, muone korongo wa usiku wanatokea wapi.

Hatua ya 6: Viota vya kufuatilia

Chagua viota 30 hivi vya pembezoni, vipewe kibati kidogo chenye namba chini kwenye shina. Utepe wa rangi usitumie. Unaita macho ya watu na ya kunguru. Tembelea mara moja kwa wiki, dakika 20 basi, na angalia nyuma yako: mwewe, kunguru na kenge wanajua kukufuata. Makinda yakifika siku kumi hivi huanza kutoka kiotani na kupanda matawi, na ukiyakaribia yanaruka. Kuanzia hapo ni darubini tu.

Usigawanye viota vilivyofaulu kwa viota vyote. Vilivyokufa kabla hujavikuta hujaviona, hivyo jibu litapendeza kuliko hali. Tumia njia aliyoionyesha mtafiti wa ndege Harold Mayfield mwaka 1961: jumlisha siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya macho yako, kisha gawanya viota vilivyoharibika kwa siku hizo. Viota 30 vikitoa siku 400 na vikaharibika 8, hasara ni 0.02 kwa siku, na 0.98 inayobaki, ikizidishwa yenyewe kwa siku 24 za kuatamia, inakupa asilimia 62 ya viota vinavyofika mwisho wa kuatamia. Kugawanya kwa kawaida kungesema 73.

Hatua ya 7: Baada ya kisiwa

Nakili daftari usiku huohuo. Ndege waliokufa wengi kwa pamoja msiwaguse wala kuwabeba. Pigieni ofisi ya mifugo. Januari 2017 Uganda ilithibitisha mafua ya ndege baada ya ndege wa porini kufa ufukweni Lutembe, karibu na Entebbe, kwenye ziwa hilihili. Osheni viatu na upondo kwa sabuni kabla ya kukaribia banda lolote la kuku.