Kuungua bila moto: kostiki soda na hatari nyingine kwa wakulima wa michikichi Kigoma

Hapa Kigoma, penye mashine ya kukamua mawese hapakosi mtu anayetengeneza sabuni. Mawese yaliyochacha hayaungi tena mboga, mafuta ya mise, yaani ya kokwa za michikichi, nayo yapo, basi yanaingia kwenye ndoo pamoja na kostiki soda, na baada ya siku chache kuna miche ya sabuni ya kupeleka sokoni. Ni kazi nzuri, na mimi kama afisa ugani naitetea kila ninapopita. Lakini nimeonyeshwa mikono mingi mno yenye mabaka na ngozi iliyobabuka. Nikiuliza, naambiwa, "Ni sabuni tu ilinirukia."

Si sabuni, jamani. Kostiki ndiyo inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na ikikugusa inafanya kazi ileile kwenye mafuta yaliyomo mwilini mwako. Ndiyo maana aliyemwagikiwa huhisi utelezi vidoleni, mara nyingi kabla hajahisi maumivu makali. Utelezi ule ni ngozi yake inayeyuka. Kaa la moto likidondoka mkononi, ukilikung'uta limeondoka. Kostiki inabaki na kuendelea kuchimba kwenda chini mpaka ioshwe ikaisha. Asidi ya betri ya sola au ya pikipiki huuma papo hapo, na mara nyingi ngozi hukauka juu kama gamba. Kostiki, chokaa na saruji mbichi huingia kimyakimya. Fundi aliyepiga magoti kwenye zege asubuhi anaweza kugundua jioni kwamba magoti yamechunika.

Dawa ya kwanza ni maji, mengi, na mara moja. Mimina maji safi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20 bila kukatiza. Kwa kostiki usiishie hapo: endelea mpaka utelezi uishe kabisa, hata ikifika saa nzima. Usitumbukize mkono kwenye beseni ukauacha humo, maana sumu itabaki na wewe ndani ya maji yaleyale. Vijijini kwetu bomba halipo kila mahali, kwa hiyo piga hesabu kabla: ukimimina kwa jagi lita moja kila dakika, dumu la lita 20 linaisha ndani ya dakika 20. Asiye na madumu matatu yaliyojaa kando yake asifungue kopo la kostiki siku hiyo.

Huku maji yakimiminwa, vua nguo iliyolowa, pete, saa na buti. Shati lisipitishwe kichwani, likatwe kwa mkasi. Anayesaidia avae glavu au ajifunge mifuko ya plastiki mikononi. Kilichomwagika kikiwa kikavu, kama unga wa chokaa au chembe za kostiki, kipukute kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo maji yafuate.

Sasa limao. Najua wengi wamefundishwa kwamba ukali wa kostiki huvunjwa na limao au siki. Nakusihi, usijaribu juu ya mwili. Vitu hivyo viwili vikikutana hutoa joto, ukaongeza kuungua juu ya kuungua, na dakika ulizopoteza kutafuta limao ndizo zilizohitajika kwa maji. Dawa ya meno, unga, majivu, asali na mawese yenyewe viache pia. Malengelenge usiyatumbue. Ukimaliza kuosha, funika kwa kitambaa safi kikavu.

Jicho halisubiri. Mlaze mgonjwa kwa upande, jicho lililoumia liwe chini ili maji yasiingie kwenye jicho lisiloumia. Fungua kope kwa vidole hata akipiga kelele, mimina kutoka upande wa pua kwenda nje kwa dakika 30, kisha nendeni hospitali huku mkiendelea kumimina njiani. Jeraha la usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au lililo kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, lisiuguzwe nyumbani. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu. Huko wataona kama kuna haja ya kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Bebeni kopo au lebo ya kitu kilichomuunguza, na muulizie sindano ya pepopunda.

Kwenye utengenezaji wenyewe, tangulizeni maji ndani ya ndoo, kisha kostiki iingie kidogokidogo. Ukimwagia maji juu ya kostiki, yanachemka ghafla na kukurukia usoni. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu, kamwe si sufuria ya aluminiamu, kwa sababu kostiki huila na kutoa gesi inayoweza kuwaka. Fanyieni kazi nje, na miwani, glavu ndefu na buti zivaliwe kila mara.

Pimeni kwa mzani, si kwa kikombe. Kilo moja ya mawese inatosheka na gramu 135 hivi za kostiki safi, na kilo moja ya mafuta ya mise gramu 165 hivi. Ikizidi, sabuni yenyewe itamuunguza mteja anayefulia. Acheni miche ikae wiki nne ndipo iuzwe.

Nikikuta kostiki iliyoyeyushwa imehifadhiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, naomba imwagwe mbele yangu, ndani ya shimo refu mbali na kisima. Mtoto akinywa funda moja tu, koo lake linaweza kuharibika maisha yote. Ikitokea, msimtapishe, maana itaunguza mara ya pili ikipanda. Asukutue kinywa na akimbizwe hospitali.

Shambani nako kuna ya kuangalia. Bomba la mgongoni linalovuja humwaga dawa kwenye mgongo na kiuno saa nzima bila mpuliziaji kujali. Badilisha mpira kabla hujajaza, na ukilowa, acha kazi, vua, uoge kwa sabuni na maji mengi. Utomvu mweupe wa minyaa tunayopandia uzio huunguza ngozi na unaweza kupofusha jicho, kwa hiyo ukikata uzio vaa miwani na usijifute jasho kwa mkono huo.

Kamba ya ng'ombe ikikuchubua viganja, osha kwa maji na sabuni, ufunge. Umeme ni jambo jingine: kwenye mashine ya kukamua, zima swichi kuu kwanza, ndipo umguse aliyenaswa. Alama inaweza kuwa ndogo kama punje ya mahindi huku ndani misuli na moyo vimeumia, hivyo lazima aonwe na daktari hata akisema yuko sawa.

Jua pia huunguza, na ndugu zetu wenye ualbino ndio linalowaumiza zaidi, likiwaachia vidonda vinavyoweza kuwa saratani. Katika vikundi vya miche ya michikichi, wapewe kazi za kivulini, kama kujaza udongo kwenye viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche. Palizi iwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, kwa kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, hata siku yenye mawingu.